Kilio cha Chumba cha Tatu

Aliyemwita Mpole hakukosea. Katika ghala la baridi, alikobeba makreti ya kuku na samaki waliogandishwa kwa miaka mitano, hakuna aliyewahi kumsikia akipandisha sauti. Ukimkanyaga, aliyeomba radhi ni yeye. Nani angedhani mtu huyuhuyu ndiye koo la Masizi, bendi ya watu watatu inayopiga metali nyeusi, muziki ambao gitaa lake huunguruma kama msumeno, ngoma hukimbia kama zimefumaniwa, na mwimbaji haimbi bali hukoroma na kulia?

Masizi haikuwa na mfadhili wala kampuni. Ilikuwa na shemeji wa Mpole, mume wa dada yake, mwalimu wa hesabu aliyepiga gitaa; fundi wa baiskeli aliyepiga ngoma; na yeye, aliyetunga maneno na kuyapigia kelele. Walijipaka masizi ya sufuria usoni, wakarekodi wenyewe, wakagawa wenyewe. Waliimba yale ambayo redio huyapaka sukari: viwanda vilivyofungwa, mito iliyokaushwa, watu waliokufa kazini wakasahauliwa kabla matanga hayajaanuliwa. Kwa miaka sita walikuwa wamefukuzwa vyumba vinne. Mwenye nyumba wa mwisho alisema ana wapangaji wawili wajawazito, na hataki watoto wazaliwe wamekunja sura.

Gitaa waliweza kulipiga chinichini, na ngoma wakazifunika magodoro. Koo halifunikwi. Sauti ile ina ufundi wake. Huanzia tumboni, na usipoifanyia mazoezi kila siku itakukauka kabla ya wimbo wa pili. Zilibaki wiki tatu warekodi nyimbo saba, na Mpole hakuwa na pa kulilia.

Ndipo akakumbuka chumba cha tatu pale kazini. Kuta zake ni nene, mlango wake mzito, na saa ya chakula ghala zima huwa uani likiota jua. Akawa anaingia na koti lake na karatasi ya maneno, anavuta mlango, ananguruma robo saa katikati ya kuku. Wasikilizaji wazuri sana, alimwambia shemeji yake. Hajaondoka hata mmoja.

Jumatano moja alikuwa kwenye wimbo wa mwisho. Unamhusu mchimbaji aliyefukiwa mgodini, na kibwagizo chake ni neno moja linalorudiwa hadi pumzi iishe: Nifungulieni.

Siku hiyo Mama Ghala, msimamizi wa vyumba vya baridi, mwanamke wa miaka hamsini na ushei mwenye goti bovu na maneno machache, alirudi ndani kuchukua miwani aliyoisahau. Mpira wa mlango wa chumba cha tatu ulikuwa umechakaa pembeni, na kupitia upenyo ule akasikia mtu anakata roho. Hakungoja kuuliza. Aligonga king'ora kwa kiganja, akanyakua nondo, akakimbia na goti lake lilelile, akateleza kwenye maji, akaangukia mkono, akanyanyuka, akauvuta mlango.

Alimkuta Mpole amefumba macho, ngumi juu, mvuke ukimtoka kinywani.

"Shikamoo, mama," alisema Mpole, akishusha ngumi.

"Marahaba." Mama Ghala aliegemea ukuta, akihema. "Nani anakuua?"

"Hakuna, mama. Ni wimbo."

Upakiaji ulisimama saa nzima, watu wakahesabiwa uani kama wanafunzi, na mkono wa Mama Ghala ukafungwa bandeji. Kosa halikuwa dogo. Sheria ya ghala inakataza mtu kujifungia chumba cha baridi peke yake, na Mpole aliijua. Meneja akamtaka ofisini kesho yake saa nne. Shemeji mtu alimshauri aseme alikuwa akigombana na mtu kwenye simu. Mpole alikataa: simu haishiki mle ndani, na isitoshe, kuukana wimbo ule ni kumfukia yule mchimbaji mara ya pili. Lakini usingizi hakuuona vizuri. Kazi ikiota mbawa, chumba nacho kimekwenda. Na bila chumba hakuna sauti, wala Masizi.

Ofisini akaeleza ukweli mtupu. Meneja hakuusadiki. Alisema hakuna koo la binadamu linaloweza kumkimbiza mtu mwenye goti kama lile, na kama lipo, alisikie. Mpole akavuta pumzi, akatoa kibwagizo mara mbili. Karani wa ofisi jirani alimwaga chai juu ya mafaili. Mlinzi wa geti aliingia na rungu.

"Wewe," meneja aliuliza hatimaye, "nyumbani kwenu mna amani?"

Mpole alisema wanayo. Mama Ghala, aliyeitwa kuwa shahidi, alikuwa amekaa pembeni na bandeji yake.

"Bosi, vyumba hivi nimevisimamia miaka ishirini na miwili," alisema. "Hofu yangu siku zote ni kwamba mtu ataita humo ndani na sitamsikia. Huyu nimemsikia."

"Lakini alikuwa anaimba tu."

"Basi kaimba vizuri. Mpe barua ya onyo, halafu mwache alie. Mlangoni nitakaa mimi."

Ndivyo ilivyokuwa. Dakika kumi kila siku, na mtu nje. Kwa wiki mbili zilizobaki Mama Ghala alikaa juu ya kreti, chakula mapajani, akigonga mlango kila baada ya dakika tatu na kungoja ajibiwe. Mpole akitoka, hukumu ilikuwa tayari.

"Leo hukufa vizuri, mwanangu. Mawazo yako yalikuwa kwingine."

Na kweli yalikuwa kwingine. Siku nyingine Mama Ghala alimwambia kwamba mtu aliyefungiwa haanzi kwa kupiga kelele. Huanza kwa kuita kistaarabu, kwa sababu anaamini wenzake wako karibu. Mpole alirudi nyumbani akaupangua wimbo wote. Kibwagizo sasa kilianza chini, karibu kama mtu anayebisha hodi, ndipo kikapanda.

Waliurekodi Jumapili katika darasa la shemeji, madawati yamerundikwa madirishani, na walihitaji kuupiga mara moja tu. Ulipokwisha, fundi wa baiskeli aliweka vijiti chini akatoka nje kusimama peke yake.

Ubishi ulikuja kwenye majalada ya kaseti. Shemeji alisema bendi za namna yao hazishukuru mtu, zinalaani. Mpole alimjibu kwamba kwa miaka sita watu wakiisikia sauti yake hufunga madirisha, na ni mmoja tu aliyeijia mbio na nondo mkononi. Kisha akachukua kalamu, akaandika kwa mkono wake, kaseti zote themanini: Shukrani kwa Mama Ghala, aliyesikia, akaja.