Salama, Ila

Siku hizi nikialikwa wilayani kusikiliza mkakati wa TEHAMA, vijana wananipa kiti cha mbele na soda, halafu wanawasha projekta. Nasikiliza vizuri tu. Wakimaliza, namgeukia kijana wa karibu na kumuuliza, "Na ila yake iko wapi?" Ananitazama kama bibi aliyeingia mkutano usio wake. Basi nieleze, maana nimechoka kutazamwa hivyo.

Enzi za Ujamaa nilikuwa karani katika ofisi ya mipango Musoma, nimepanga chumba mtaa wa Iringo, mwembamba na mwenye mdomo. Neno TEHAMA halikuwepo. Tulikuwa na simu ya upepo: sanduku la chuma, betri ya gari, na kipaza sauti cha kubonyeza unapoongea. Sanduku moja lilikuwa kwetu, mengine Bunda, Butiama, Mugango na Kisorya. Kila asubuhi niliita kituo kimoja kimoja na kuandika hali ya huko, ili magari na dawa viende panapohitajika. Huo ndio uliokuwa mkakati wetu, na niliupenda kuliko mshahara wangu.

Shida ilikuwa salamu. Kisorya mwenye sanduku alikuwa muuguzi wa zahanati, mama wa makamo, naye hakuweza kusema jambo kabla ya kuniuliza za nyumbani, za wazee, za mvua, za kazi. Nami namjibu, namuuliza za watoto, za pamba, za ng'ombe, za ziwa. Huku Bunda wanasubiri na betri inakwisha. Bosi wetu, afisa mipango kijana aliyetoka masomoni ng'ambo, alisikiliza asubuhi moja akashika kichwa.

"Ndugu, hii ni kazi au ni posa?" aliniuliza.

Akatoa agizo: salamu marufuku hewani. Sisi tuulize "Hali?", kituo kijibu kwa neno moja, tuhamie kingine. Hakuwa mjinga, betri zilianza kudumu. Lakini mimi nilikasirika. Kwetu Mugango mtu akikupita bila salamu, unakwenda kwanza kuhesabu kuku wako. Nilimwambia hivyo hivyo, akacheka, na agizo likabaki.

Asubuhi zikawa fupi. "Kisorya, hali?" "Salama. Ova." "Butiama, hali?" "Salama. Ova." Nikajaza salama ukurasa baada ya ukurasa.

Ukafika wakati wa tathmini. Bosi alipitia kurasa zile akaona Kisorya haikuwahi kupata shida yoyote. Akaamua sanduku lake linakaa bure, lihamishiwe kijiji kipya chenye taabu. Kwa karatasi zile, yeyote angeamua vivyo hivyo. Mimi roho iliniuma. Kisorya ni mwisho wa barabara, na mjamzito akizidiwa kule, bila simu nani angeita gari?

Tukaenda na Landrova kulichukua, bosi, mimi na dereva. Kupita Bunda barabara ilikuwa tope jeusi linaloshika tairi, na bosi hakusema neno ila kulaani matope. Muuguzi alitupokea mlangoni mwa zahanati, mikono ina povu la sabuni. Pale hatukuwa hewani, kwa hiyo bosi alisalimia kama watu.

"Habari za hapa, mama?"

"Salama, ndugu."

"Za kazi?"

"Salama tu. Ila dawa ya malaria iliisha tangu mwezi jana. Na pantoni ya Ukerewe imekufa, watu wa ng'ambo wamelala hapa barazani na wagonjwa wao. Na humo ndani kuna mama ameshikwa uchungu tangu alfajiri, mtoto amekaa vibaya. Nilikuwa namuomba Mungu gari."

Bosi akadakia. "Lakini mama, leo asubuhi umesema salama! Kila siku unasema salama!"

"Sasa ningesemaje?" Muuguzi alimshangaa kweli kweli. "Mtu akikuulizaga hali, unasema salama kwanza. Mabaya yanakujaga nyuma, kwenye ila. Nyie mnakataga kabla sijafika kwenye ila. Nikibonyeza tena, mmeshahamia Butiama."

Nilicheka, na machozi yakanitoka hapo hapo. Bosi hakucheka. Alivua koti lake, akasaidia kumbeba mama yule kwenye machela hadi garini. Nafasi ilikuwa haba, kwa hiyo kiti chake alimwachia mama mzazi wa mgonjwa, akabaki Kisorya na sanduku alilokuja kulichukua. Mimi nilikaa nyuma, nimemshika mgonjwa mkono. Kila tulipoingia shimo aliniminya vidole mpaka nikaona nyota, nami nilimwacha aminye. Niliogopa sana. Njia nzima nilikuwa nawaza kwamba tumechelewa kwa sababu ya neno moja.

Mkakati ambao bosi aliuandika upya baadaye ulikuwa na agizo moja jipya: kituo kikisema salama, Musoma inyamaze kwanza, isubiri. Ila agizo hilo lilianza kutumika kabla halijaandikwa, na aliyeanza kulitumia ni yeye mwenyewe.

Ilikuwa asubuhi iliyofuata. Nilikuwa kituo cha Bunda, gauni langu bado lina tope, nikabonyeza kipaza sauti.

"Kisorya, Kisorya. Yule mama tulimfikisha hospitali. Salama. Ova."

Hakikuja kitu. Hewa ilivuma tu, nikadhani betri yao imekufa. Nikataka kubonyeza tena, halafu nikakumbuka nani yuko upande wa pili na anasubiri nini. Sauti yake ilipokuja ilikuwa ndogo, ya mtu anayeogopa jibu.

"Na ila?"

"Ila hakuna, ndugu," nikasema. "Ni mtoto wa kike."