Ng'ombe Tuliyemtolea Misri

Mwaka ule wa vita vya mfereji, nyumba yetu ya Chumbageni ilikuwa ikingoja mambo mawili: harusi ya dada yangu na ushindi wa Misri. Yote mawili yalizungumzwa juu ya mkeka mmoja, mara nyingi kwa pumzi moja, hata mgeni angeweza kudhani kwamba dada anaozwa Kairo.

Mchumba wake alikuwa kijana wa Pangani, karani wa bandarini, mpole, mwenye kalamu mfukoni hata siku ya Ijumaa. Kwetu meli kubwa hazifiki gatini. Hutia nanga mbali, na mizigo hupelekwa kwa matishari, vyombo bapa vinavyovutwa kwa mashua ya moto. Yeye aliandika marobota ya mkonge yakiingia kwenye matishari, na baba alikuwa msimamizi wa genge la wapakizi waliokuwa wakiyabeba. Hapo ndipo posa ilipoanzia.

Harusi ilikuwa na ng'ombe wake. Alikuwa dume mwekundu mwenye doa jeupe kwenye paji la uso, aliyelishwa kwa mjomba wetu upande wa Muheza. Baba alimnunua akiwa ndama, mwaka dada alipovunja ungo, na kila tulipokwenda kwa mjomba dada alimpelekea chumvi kwenye kiganja. Dume alimlamba mpaka kwenye kiwiko, naye akacheka cheko ambalo hakucheka mahali pengine. Alijua vizuri kwamba analisha karamu yake mwenyewe. Hakuona ubaya wowote. Nyumba ya baba ambaye hakulisha watu siku ya ndoa ya mwanawe ilitajwa mtaani miaka mingi baadaye, na dada hakutaka itajwe yetu.

Na Misri? Misri iliingia kwetu kwa redio ya fundi cherehani wa jirani. Baada ya magharibi kulikuwa na matangazo ya Kiswahili kutoka Kairo, na fundi aliiweka redio dirishani. Wanaume walijaa barazani kwake, sisi wanawake tukasimama uani, nyuma ya ukuta wa makuti. Sauti ile ilikuja na kuondoka kama mtu anayesema huku upepo ukimpiga, lakini ilisema kwa lugha yetu maneno ambayo hakuna redio nyingine iliyothubutu kuyasema. Ilisema kwamba Mzungu ni mgeni, na mgeni huaga. Nilikuwa nimemaliza shule, na kifua changu kilikuwa kitupu, kinangoja kitu cha kukijaza. Niliipenda Misri jinsi mtu anavyompenda mtu asiyemjua. Nilikata picha ya rais wao gazetini, nikaibandika juu ya kitanda tulicholala mimi na dada.

"Huyu bwana analala nasi kwa mahari gani?" dada aliniuliza.

Si kila mtu alikuwa pamoja nasi. Baba alitueleza kwamba bandarini genge lake liligawanyika. Wapakizi wawili, ambao babu zao waliletwa pwani wakiwa wamefungwa minyororo, walimwambia, "Sisi hatuna haja. Waliowauza babu zetu walikuwa wakisali kama hao." Na mama Msambaa, jirani yetu Mlutheri ambaye mumewe alikuwa akikata mkonge shambani, alikaa jikoni kwetu akichambua mchele, akasema:

"Mimi sina ugomvi na Misri, jirani. Ila kwenye kitabu chetu Musa aliwakimbia hao."

"Musa mwenyewe nani alimlea?" mama akamjibu.

"Walimlea, ndiyo. Halafu ukaona mwenyewe."

Wakacheka wote wawili mpaka mchele ukamwagika.

Mama yangu alikuwa kiongozi wa chama cha lelemama. Asiyeijua Tanga ya wakati ule ataona hiyo ni ngoma ya wanawake tu. Kwetu ilikuwa zaidi ya ngoma. Vyama vilikuwa viwili, na kila kimoja kiliamka asubuhi kikitafuta namna ya kukishinda kingine. Walishindana kwa nguo za sare, kwa nyimbo, kwa masinia ya biriani, hata kwa wingi wa watu waliofuata jeneza. Kiongozi wa chama cha pili alikuwa mwanamke mnene mwenye jino la dhahabu, aliyejua kuzungumza polepole sana pale alipotaka kuumiza.

Ndege za Kiingereza zilipoanza kutupa mabomu Misri, wanawake wa vyama vyote viwili walikusanyika kwetu kusoma dua. Yalisomwa maneno mazuri, na wengi walilia. Kisha ikaja kahawa na kaimati, na mwenye jino la dhahabu akafuta vidole vyake kwa leso.

"Dua hazina gharama, shoga," alimwambia mama. "Sisi kwetu tumeweka nadhiri. Misri ikinusurika, tunachinja mbuzi wawili. Ninyi mmeweka nini? Nyimbo?"

Mama alimtazama. Ninakikumbuka kijiko kilichokuwa kikigonga kikombe cha mtu fulani.

"Mbuzi wawili ni akika ya mtoto wa kiume," mama alisema. "Misri si mtoto. Mungu akiwanusuru wale watu, mimi nitamchinja dume wangu mwekundu, na maulidi yatasomwa hapa uani, na atakula hata asiyesali."

Vigelegele vilipanda mpaka paa la makuti likatetemeka. Mimi nilipiga kuliko wote. Dada alikuwa akimimina kahawa. Hakumwaga hata tone, ila aliiweka chini ile birika kabla vikombe havijaisha, akaingia ndani.

Mungu akawanusuru. Waingereza na wenzao wakafunga virago, na fundi cherehani akafungua redio mchana, akiacha suruali za watu bila vishikizo. Tuliimba barabarani. Nilidhani kwamba kesho yake nitaamka katika nchi nyingine.

Badala yake niliamka nikamkuta baba nyumbani. Alikaa kwenye kigoda uani, akiwa amevaa nguo zake za kazi, asubuhi, siku ya kazi. Wamisri wenyewe walikuwa wamezamisha meli kwenye mfereji ili adui asipite, na mfereji ukaziba. Meli zilizokuwa zije Tanga kuchukua mkonge zililazimika kuzunguka bara zima la Afrika. Nyingine hazikuja kabisa. Matishari yalifungwa kamba yakalala yakigongana. Maghala yalijaa marobota mpaka milangoni. Wapakizi walilipwa kwa kutwa, kwa hiyo palipokosekana kazi palikosekana na chakula. Baada ya muda kidogo mashamba nayo yakapunguza watu, na mume wa mama Msambaa akawa mmoja wao. Mchumba wa dada aliambiwa arudi kwao Pangani mpaka aitwe.

Kitu tulichokiombea ndicho kilichotufunga mikono. Nilijua hivyo, na bado niliendelea kuiangalia ile picha juu ya kitanda. Nilijiambia kwamba uhuru una bei yake. Ni rahisi kusema hivyo ukiwa huna ng'ombe.

Nadhiri ilikuwa imeiva, na mwenye jino la dhahabu hakuiacha ilale. Alichinja mbuzi wake wawili, nyama akaigawa kwa sauti, kisha akawa akipita mbele ya nyumba yetu taratibu, akiuliza kila aliyekuwa barazani, "Ng'ombe hajambo? Miguu haijamchoka?"

Baba alimwambia mama neno moja tu, na alilisema bila hasira. "Umewaahidi ng'ombe wangu watu wasionijua." Kisha akaenda kumwita mwalimu wa chuo cha Kurani.

Mwalimu alikuja baada ya alasiri, akakaa ukumbini. Mimi na mama tukampa shikamoo, tukakaa upande. Dada alikuwa chumbani, nyuma ya pazia, na niliziona ncha za vidole vya miguu yake chini ya kitambaa. Baba alieleza habari yote: dua, nadhiri, bandari, harusi. Aliuliza kama inawezekana kungoja mpaka apate ng'ombe mwingine.

"Nadhiri ya kitu kilichotajwa ni ya kitu kile kile," alisema mwalimu. "Haibadilishwi." Akaviringisha tasbihi. "Lakini kuna swali moja. Mtu hawezi kuweka nadhiri kwa mali ya mwenziwe. Ng'ombe ni wa nani?"

Nilielewa papo hapo, na nadhani sote tulielewa. Baba akisema ng'ombe ni wake, na kweli alikuwa wake, mambo yamekwisha. Dume atabaki Muheza mpaka Rajabu, mwezi wa harusi, na dada ataolewa kwa heshima. Na mama yangu atatoka nje ya mlango ule akiwa mwanamke aliyetoa ahadi mbele ya mji mzima kwa mali isiyo yake. Hatakuwa tena na chama, na jino la dhahabu litang'ara juu yake maisha yake yote.

Mama alikuwa ameinamisha kichwa. Hakumwomba baba kitu, hata kwa jicho. Vidole vya miguu ya dada vilijikunja chini ya pazia.

Kule uani kuku alitaga, akatangaza, akanyamaza.

"Ni wa mama yao," baba alisema. "Nilimpa zamani."

Hakuwa amempa. Alimpa pale pale, kwa maneno yale. Mwalimu alimtazama, nadhani alijua, akasema, "Basi mchinjeni."

Miguu ya dada ikaondoka kwenye pazia.

Dume aliletwa na lori la machungwa. Aliposhushwa alinuka maganda ya machungwa na jasho, akatazama huku na huku. Dada alitoka na chumvi kiganjani. Mama akamwambia, "Mwache, mwanangu," lakini hakumwacha, na dume akamlamba mpaka kwenye kiwiko. Safari hii hakucheka.

Sijapata kuona maulidi yenye watu wengi vile. Walikuja wapakizi wa genge la baba na watoto wao, na wale wawili wasioitaka Misri, nao wakakaa kwenye sinia moja na mwalimu. Mama Msambaa alikuja na mkungu wa ndizi kutoka Lushoto na mumewe asiye na kazi. Watu walikula kimya, kwa namna ambayo ilionyesha kwamba nyama walikuwa wameisahau. Watoto walilamba sinia. Aliyesoma dua aliitaja Misri, wakaitikia amina midomo ikiwa imejaa. Hata mwenye jino la dhahabu alikula, na alipomaliza alimwambia mama kwa sauti ya chini, bila kejeli, "Ahsante, mwenzangu. Wanangu walikuwa hawajaonja nyama; mbuzi wale niliwagawa wote."

Nilikuwa nikimsaidia dada kwenye sufuria kubwa. Alikuwa akikoroga pilau kwa mwiko wa mti, moshi ukimwingia machoni.

"Huko Misri," aliuliza, "kuna anayejua?"

"Anayejua nini?"

"Kwamba tumechinja."

Mama alikuwa nyuma yetu. "Mungu anajua," alisema.

"Mungu najua anajua, mama. Nimeuliza Misri."

Mama alichukua sinia lililojaa akaondoka nalo.

Rajabu iliingia bila meli. Watu wa Pangani walituma mzee kuja kusema kwamba kijana wao hana kazi, nasi hatuna karamu, basi tungoje. Tukangoja. Mfereji ulifunguliwa mwezi wa Ramadhani, meli zikaanza kuonekana, na baba akarudi matisharini akiwa amefunga, akabeba pamoja na vijana kwa sababu marobota yalikuwa mengi kuliko watu. Lakini mchumba alikuwa ameshakwenda Mombasa kwa ami yake dukani. Habari iliyofuata ilikuwa kwamba ameoa huko, binti wa ami huyo huyo. Hakuwa mtu mbaya. Alichoka kungoja.

Dada alibandua ile picha juu ya kitanda. Hakuichana. Aliikunja vizuri akanipa, akasema ukuta unahitaji chokaa.

Mwaka uliofuata aliolewa Kigombe, na mvuvi aliyefiwa na mkewe, mwenye watoto tayari. Karamu ilikuwa ya samaki. Baba alilisha watu, hakuna aliyemtaja vibaya, ila yeye mwenyewe siku ile hakukaa na wageni. Alisimama jikoni akiwapungia nzi.

Wananiuliza mpaka leo, marafiki zangu wa mjini tunaosoma na kubishana, kama ilistahili. Wao husema Misri ilitufundisha kwamba Mzungu anaweza kuondoka, na mimi nakubali, kwa sababu niliyasikia maneno yale nyuma ya ukuta wa makuti na hayajatoka masikioni mwangu. Lakini nikifika Kigombe, jibu hilo silitoi.

Nilikwenda na mama hivi karibuni. Mume wa dada amenunua redio. Sauti ile ile ya Kairo ilikuwa ikieleza habari za watu wengine wa mbali wanaopigana na Wafaransa, jinsi wanavyoteswa, jinsi wanavyohitaji dua za ndugu zao. Mama alikaa wima kwenye mkeka. Niliyaona macho yake yakiwaka kama zamani. Akafungua viganja.

"Ewe Mola, wanusuru. Ukiwanusuru, mimi..."

Dada alikuwa akimenya muhogo. Alinyoosha mkono wake wenye maji, akauweka juu ya viganja vya mama, akavishusha taratibu mpaka magotini.

"Omba dua, mama," alisema. "Omba sana. Ila usitaje kitu."

Mama akaendelea kwa midomo tu, bila sauti. Nje, mbuzi wa watoto alilia mara moja, na mama akafumba macho.