Siku Niliyomshinda Mwalimu Elinami

Nilipokuwa mtoto hakuna mtu nyumbani kwetu aliyejua tuna ng'ombe wangapi, na hakuna aliyeona haya kwa kutojua. Ungemuuliza baba, angekutazama kana kwamba umemuuliza ana nywele ngapi. Jioni, ng'ombe walipopanda kutoka malishoni, bibi yangu, ambaye sisi Waarusha tunamwita Koko, alisimama kwenye lango la boma na shuka lake begani, akawatazama wakiingia. Basi. Halafu anasema, "Nanyokie hajaja." Na kweli, ukishuka mtoni utamkuta Nanyokie ndani ya mahindi ya watu. Koko hakuhesabu. Alikuwa anawajua.

Tuliamini kwamba kumhesabu mtu au ng'ombe ni kumpunguza. Mama akiulizwa ana watoto wangapi alijibu, "Wapo, Mungu anawaona," na aliyeuliza akatosheka. Wiki iliyopita, hapa chuoni ng'ambo ya ziwa, kijana mmoja mwenye tai alisimama kwenye mdahalo akasema eti imani za namna hiyo ndizo zinazotuchelewesha. Ukumbi ukacheka. Nikasimama kumjibu, maana mimi kukaa kimya sijui. Nikamwambia Mwingereza akituhesabu mnaita maendeleo, bibi yangu akikataa kuhesabiwa mnamwita mshamba. Nikapigiwa makofi mengi. Lakini nilipokaa nikaona aibu, kwa sababu nilikuwa nimesimulia nusu tu ya habari ninayoijua. Nusu nyingine ni hii.

Shule yetu ya misheni ilikuwa mlimani, juu ya Ngaramtoni, vyumba viwili vya udongo kando ya kanisa. Mwalimu wetu, Elinami, alitoka Machame, Uchagani. Alitufundisha kusoma na hesabu kama walimu wengine, ila yeye alikuwa mchoraji. Kila Jumamosi alitembea kwa miguu hadi Arusha mjini kuchora vibao vya maduka ya Wahindi, akarudi jioni na maboksi matupu kichwani na mabaki ya rangi kwenye makopo aliyopewa na Kalasinga mmoja, fundi seremala. Maboksi ndiyo yalikuwa karatasi zetu. Rangi za makopo hazikutosha, kwa hiyo alitufundisha kusaga makaa, kuchuja udongo mwekundu wa kingo za mto, kukamua majani.

Wazazi waliona kuchora si kazi ya mtu mwenye mke. Wazee walimtania wakimkuta njiani.

"Mwalimu, huyo mbuzi uliyemchora ukutani tutamla lini?"

"Akishakauka, mzee," naye anajibu, na wote wanacheka. Walimpenda. Nataka hilo lijulikane.

Alikuwa na somo moja ambalo sijapata kulisikia kwa mwalimu mwingine yeyote, hata hawa wa majoho. Alisema, "Msinichoree ng'ombe. Ng'ombe tu hayupo duniani. Nichoreeni ng'ombe fulani." Akaturudisha nyumbani kutazama. Pembe ipi fupi? Weupe unaanzia wapi tumboni? Ukija na ng'ombe wa kubuni, anakurudishia boksi lako bila kukugombeza, na hilo liliuma kuliko fimbo.

Mwaka huo serikali ilisema mlima umechoka. Nyasi zimekwisha, wakasema, kwa sababu Waarusha wana ng'ombe wengi mno. Hawakusema kwamba nyasi za tambarare zilikwisha siku walowezi walipozungushia waya mashamba yao, tukabaki tumebanwa kati ya waya na msitu. Hilo halikuandikwa popote. Kilichoandikwa ni kwamba kila boma litoe hesabu ya ng'ombe wake, na wanaozidi wauzwe mnadani. Mzungu aliyesimamia kazi hiyo tulimwita Bwana Mifugo. Aliwaita wazee barazani, akawauliza mmoja mmoja. Baba akajibu kama wenzake, "Wapo wachache." Karani alipotumwa mabomani alikuta ng'ombe wengine wako kwa marafiki, na waliobaki hawasimami mahali pamoja. Hakuna mzee aliyejiona amedanganya. Waliulizwa swali ambalo mtu mwenye adabu haulizi.

Wakati huo huo, mimi nikachora.

Mwalimu Elinami alikuwa amenipa ubavu wa boksi kubwa lililokuja na baiskeli mjini. "Nasieku, hili ni lako. Nichoree nyumbani kwenu." Nadhani alitegemea nyumba. Lakini kwetu nyumbani ni ng'ombe. Nilianza na Narok, ng'ombe mweusi wa Koko. Bibi yake Narok ndiye aliyemfuata Koko siku aliyoolewa, na Koko alizungumza naye akimkamua kama unavyozungumza na shoga yako. Sikio lake la kushoto lilikuwa limechanwa. Baada ya Narok nikamchora Nanyokie, kisha mwingine, kisha mwingine, kila jioni wakirudi, na waliokuwa kwa marafiki nikawachora kwa kuwakumbuka, mpaka boksi likajaa.

Koko alinikuta nyuma ya zizi. Alipomwona Narok alicheka kama mtu aliyekutana na rafiki sokoni. Kisha macho yake yakaenda kwa wa pili, kwa wa tatu, na kicheko kikakatika.

"Futa."

"Koko, sihesabu. Nachora tu."

"Wewe huhesabu, najua. Lakini umewasimamisha wasiweze kutembea. Atakayekuja nyuma yako atahesabu, na watapungua."

"Makaa yatampunguza nani?"

"Una mdomo, wewe! Nimesema futa."

Sikufuta. Nililificha boksi chini ya majani ya migomba, asubuhi nikalipeleka shule na kumweleza Mwalimu maneno ya Koko. Akacheka, lakini si kwa dharau. "Kwetu Machame ng'ombe wawili tunalala nao nyumba moja," akasema. "Nikipapasa gizani nikapata pembe mbili, najua mmoja amekata kamba. Nikipata nne, nageuka ubavu." Darasa zima likaangua kicheko. "Mwambie Koko picha haili nyasi." Akaitundika katikati ya ukuta, mahali pa heshima. Mtu aliyekulia kwenye nchi ya ng'ombe wawili hakujua anatundika nini.

Siku ya wageni misheni ilimwalika Bwana Mifugo aje kugawa zawadi. Wazazi walikuwa uani wanasikiliza watoto wakiimba. Baba alikuwa malishoni. Mimi niliambiwa nisimame darasani karibu na picha yangu, kwa hiyo tulikuwa wanne tu mle ndani: Mzungu, karani wake, Mwalimu Elinami na mimi.

"Nani nachora hii?" akauliza Bwana Mifugo.

"Ni mimi, Bwana."

"Mzuri! Mzuri sana. Ngombe ya nani?"

"Wa baba yangu."

"Yote?"

"Wote, Bwana."

Akatoa penseli mfukoni. Ncha yake ikaanza kutembea hewani mbele ya boksi, kutoka ng'ombe hadi ng'ombe, midomo yake ikicheza bila sauti. Sikuwa nimewahi kumwona mtu anahesabu ng'ombe. Karani akafungua daftari. Hapo ndipo Mwalimu Elinami alipoelewa. Nilimwona akiinua mkono kana kwamba atakishika kile kipenseli, kisha akaushusha.

"Bwana," akasema, "hii ni ndoto ya mtoto tu. Mtoto ukimpa boksi kubwa analijaza. Kwao wana ng'ombe wachache. Hawa wengine amewabuni."

Amewabuni! Jioni zote zile, shingo inauma, inzi usoni, na mtu aliyenifundisha kwamba ng'ombe wa kubuni si ng'ombe anamwambia mgeni kwamba wangu hawapo. Moto ulinipanda mpaka masikioni.

"Sikubuni!"

"Nasieku, mwanangu, nyamaza."

"Sinyamazi, Mwalimu! Si wewe uliyesema tusichore asiyekuwepo? Huyu ni Narok wa Koko, sikio lake lilichanwa na fisi alipokuwa ndama. Huyu ni Nanyokie, pembe yake ilivunjika kwenye mawe. Huyu wa madoa anachechemea mguu wa nyuma." Nikawapitia wote, jina kwa jina, alama kwa alama. "Kama ni uongo, waje waone masikio!"

Karani alikuwa anaandika. Bwana Mifugo akacheka kwa furaha, akanipiga-piga kichwani, akanipa boksi la penseli za rangi, la kwanza kuliona maishani mwangu. Nikalipokea kwa mikono miwili. Nikamtazama Mwalimu ili aone nimeshinda. Alikuwa anatazama sakafu.

Wiki iliyofuata karani alikuja bomani kabla ng'ombe hawajatoka, picha yangu kwapani, askari wawili nyuma yake. Aliwatafuta mmoja mmoja. "Huyu mweusi ndiye wa fisi. Yuko. Wa madoa, mguu wa nyuma, yuko." Wasiokuwepo, baba aliamriwa akawafuate kwa marafiki, kwa kuwa sasa ilijulikana wako. Siku ya soko wakapelekwa mnadani Ngaramtoni. Sitasema walikuwa wangapi. Narok alikuwemo.

Jioni ile Koko alisimama langoni kama kawaida. Ng'ombe wakaingia, na haikuchukua muda. Nilimwona amefungua kinywa kutaja wasiokuwepo. Akakifunga, akaingia ndani.

Wazee walikaa kikao na Mwalimu aliitwa. Nilikuwa nyuma ya ukuta wa nyumba ya Koko, nasikia kila neno. Baba aliuliza bila kupaza sauti, "Mwalimu, nani alimwambia Mzungu kwamba hawa ng'ombe ni wa kweli?"

Nikajiambia sasa atanitaja.

"Ni mimi, wazee," akasema. "Nilijivunia kazi ya mwanafunzi wangu, mdomo ukanitangulia."

"Ulisema picha haili nyasi," mzee mmoja akamjibu. "Kweli, haikula nyasi. Imekula ng'ombe."

Wakamtaka aondoke, na misheni haikutaka ugomvi na wazee. Nilikutana naye kwenye njia ya kushuka, makopo yake ya rangi yakigongana ndani ya kikapu. "Shikamoo, Mwalimu." "Marahaba, Nasieku," akajibu, kama alivyonijibu kila asubuhi, akapita. Mimi niliyekuwa na maneno ya kumtosha Mzungu sikuwa na hata moja la kumpa yeye.

Miaka ikapita. Likizo ya mwisho kabla sijaja huku nilikuwa napukuchua mahindi na Koko, akasema tu, macho yako kwenye gunzi, "Yule mwalimu wa picha hakuwahi kuingia bomani kwetu ng'ombe wakiwa ndani."

"Ndiyo, Koko."

"Na kwenye picha palikuwa na sikio. Fisi hakuwepo. Lakini karani alikuja anajua habari ya fisi."

Mikono yangu ikasimama. "Kumbe ulijua. Siku zote hizo? Mbona hukusema?"

"Yeye alikuwa mtu mzima, alijua uzito wa mzigo aliojitwika. Wewe ulikuwa bado unang'oka meno."

"Na baba?"

"Baba yako ni wako. Sikukutuma kunyamaza, sitakutuma kusema. Pukuchua."

Kijana mwenye tai ataniuliza: je, kuhesabu kunapunguza, ndiyo au siyo? Nami namjibu kwamba niliona kwa macho yangu ncha ya penseli ikitembea, na baada ya hapo boma likawa na nafasi. Kama ilikuwa laana, laana hiyo ilikuwa na ofisi na mhuri. Koko hakuwa mjinga wa hesabu. Alielewa mapema kuliko wasomi wetu kwamba mtu asiyekupenda akitaka idadi ya ulivyo navyo, hataki kukusaidia kuvitunza. Hilo nitalisimamia ukumbi wowote, mbele ya yeyote.

Lakini hasira zangu juu ya Bwana Mifugo, ambazo ni za haki na sizifuti, zimenisaidia pia kutomtazama mtoto yule aliyesimama karibu na picha yake. Mwalimu Elinami alilikana somo lake pekee mbele ya mwanafunzi wake ili kuokoa ng'ombe wasio wake, mimi nikamwita mwongo. Kisha akasema uongo wa pili, wa kuniokoa mimi, na huo sikuupinga.

Baba bado yu hai. Mpaka leo akisikia habari za shule husema, "Yule Mchaga wa picha alitumaliza," na mimi nikiwepo huwa natazama pembeni. Mwezi ujao narudi nyumbani. Nitamwambia yeye kwanza, kabla mtu hajamsomea maandishi haya, kisha nitamwomba aniite mbele ya wazee waliokaa kikao kile, wale waliobaki, niseme ni nani aliyetaja masikio. Nimejaribu kuandaa maneno kama ninavyoandaa mdahalo, hoja na majibu yake, nikaona hayaandaliki. Nitaanza na shikamoo.