Malaika wa Aya ya Nne

Tangu kiharusi kimlaze mama, akina mama wa kanisa letu hapa Mikindani huja kila Alhamisi kumsomea. Desturi yao ni kusoma kwa zamu, kila mtu aya moja, kila mtu na Biblia yake. Sura huchaguliwa na mgonjwa, na mama alikuwa na moja tu: ile ya Injili ya Yohana, ya mtu aliyelala miaka mingi kando ya birika akimngoja malaika ashuke atibue maji, maana wa kwanza kuingia ndiye aliyepona.

Alhamisi ile, zamu ya aya ya nne, ile yenye malaika, ilimwangukia mwanakwaya aliyeolewa juzi, ambaye husomea kwenye simu. Akapandisha kidole, akashusha. Ya tatu ipo, akasema, na ya tano ipo. Ya nne haipo.

"Labda nayo yataka bando," akasema mwenyekiti wao, na wote wakacheka. Mama hakucheka.

Walipoondoka akaniita kitandani. Mimi ndiye niliyekwenda chuo, mimi ndiye ninayeandika vitabu, aliamini nitajua. Kwa bahati mbaya nilijua. Nikamweleza polepole kwamba karatasi ya kwanza, ya mkono wa mwandishi mwenyewe, hakuna aliye nayo. Tulizo nazo ni nakala za nakala, nyingi mno, zilizoandikwa kwa mkono na watu waliochoka na kusinzia kama sisi. Wingi huo ndio unaotusaidia, kwani zikilinganishwa, kilichoongezwa huonekana. Na katika zile kongwe zaidi malaika hayumo. Yaelekea msomaji fulani aliandika pembeni maelezo ya kwa nini watu walilala pale, na mnakili aliyemfuata akayaingiza ndani, kwa nia njema kabisa. Nikaifunua Biblia yake iliyochakaa, nikamwonyesha mabano yaliyokuwa yameizunguka aya ile siku zote.

"Mimi nilidhani yanaikumbatia," akasema.

Nilitamani kuyameza maneno yangu yote. Nikaharakisha kumwambia kwamba sehemu kubwa ya Injili imetufikia salama, kwamba mgonjwa yumo, kupona kwake kumo, na Yesu hakuyahitaji maji yale. Niliamini kila nililosema, lakini nilijisikia kama mchuuzi anayemfuata mteja ambaye ameshageuka. Alinisikiliza kwa adabu, vile anavyomsikiliza daktari wa hospitali ya Port Reitz akimhimiza mazoezi ya mguu usiosikia.

"Na pale mgonjwa anaposema hana mtu wa kumtia majini," akauliza, "napo pana mabano?"

Nikatazama, ingawa sikuhitaji kutazama.

"Hapana, mama. Hapo hapajatiliwa shaka."

"Hilo nilijua," akasema, akafumba macho.

Alhamisi iliyofuata walikuja kama kawaida, wakavua viatu mlangoni, wakajipanga kukizunguka kitanda. Mwenyekiti akamwuliza wasome wapi, huku ameshaanza kufunua Yohana. Mama akamzuia kwa mkono wake ule mzima, kisha akaninyooshea mimi.

"Mwulizeni mwanangu," akasema. "Atuchagulie ambayo haitatolewa."

Hapakuwa na kejeli katika sauti yake. Nikaichukua Biblia, nikaifungua, nikaifunga, nikaifungua tena, na akina mama wote wakaweka vidole tayari kwenye kurasa zao, wakaningoja.