Jiwe la Kilo Kumi

Mimi ni karani wa mzani. Msimu wa korosho ukifika nakaa kwenye ghala la chama cha msingi kijijini kwetu, mbele kidogo ya Nanyamba, na kabla gunia la kwanza halijapanda mzanini lazima niweke jiwe la kilo kumi, wakulima waone kwa macho yao kwamba mzani unasoma kumi. Wasipoona, hakuna kazi. "Karani, jiwe kwanza!" wanapiga kelele hata mlango sijamaliza kufungua. Nilikuwa nakasirika. Nawauliza, nyie mnadhani mzani umelala na nani? Lakini jiwe naliweka, maana nawajua na wao wananijua.

Mama yangu alipatwa na kiharusi wakati wa kupalilia mihogo. Mdomo ulinyooka, mguu ukarudi, mkono wa kulia ukabaki nyuma. Hospitalini Mtwara mjini, dada wa mazoezi ya viungo alimshikisha kifaa kizito cha chuma chenye mshale kama wa saa, akamwambia, "Bana, mama, kwa nguvu zako zote." Mshale ulifika kilo sita ukagoma. Mkono wa kushoto ulifika kumi na saba. Dada akaandika kwenye kadi, akatuambia turudi kila wiki, na mazoezi tusiyakatishe mapema, la sivyo mkono ule unaweza usirudi tena.

Mama alitaka urudi kuliko kitu chochote. Kula kwa mkono wa kushoto kulimtesa kuliko ugonjwa wenyewe. Wageni wakija alisema ameshiba, na harusini kwa jirani hakwenda, kwa sababu angekaa vipi kwenye sinia moja na wanawake wenzake na mkono ule?

Lakini safari ya kila wiki, bodaboda kisha basi, mama katikati kama mzigo, ilinishinda. Aliyechoka ni mimi, si yeye. Siku moja mjini, kwenye duka la makava ya simu, nikaona kidude cha plastiki cha kubana, kina kioo kinachoonyesha kilo, bei rahisi kabisa. Nilifurahi kama nimeokota. Nikampigia simu yule dada kumweleza kwamba sasa tutapima nyumbani. Akasema, "Sawa, ila kilete kwanza tukilinganishe na hiki chetu." Nikamjibu nitakileta. Sikukipeleka, na hospitali tukaacha kwenda, mazoezi tukawa tunafanya nyumbani.

Kila siku baada ya alasiri mama alikaa mkekani, akabana. Nane. Baada ya wiki kadhaa kumi, halafu kumi na mbili. Nilimpigia makofi, akacheka kwa aibu. Na mimi nilikuwa nikijaribu kila wiki, nikakuta nguvu zangu zimepanda. Mke wangu naye zimepanda. Akasema nyumba nzima tumepata nguvu, labda ni mbaazi. Tukacheka. Karani mzima! Ghalani, gunia la kila mtu likizidi kwa siku moja, ningesimamisha kazi hapo hapo. Ila namba zile nilikuwa nazipenda, basi.

Zilipofika kumi na tano nikasema mazoezi yametosha, hospitali haturudi tena.

"Mbona mkono wenyewe hausikii?" mama akaniuliza. "Naona kama nimeuvalisha soksi."

"Kidude kimesema kumi na tano, mama."

"Mkono ni wa kidude au ni wangu?"

Nikapandwa na hasira. Nikamwambia, "Acha kudeka! Umepona, sasa ni uvivu tu." Nilimwita mvivu mama yangu, mbele ya mke wangu, mwanamke aliyenilea kwa jembe peke yake. Alivuta upindo wa kanga akajifuta mdomo.

Kesho yake mke wangu alikuwa amekwenda kisimani. Mama akaipua mwenyewe sufuria ya mihogo, bado inatokota. Mkono wa kushoto ulishika, wa kulia ukaachia. Maji yote yalimmwagikia mapajani na miguuni. Nilikuwa najifunga mkanda niende ghalani niliposikia ukelele wake, na hadi leo nikifunga mkanda nausikia.

Mama alikuwa na sukari. Alilazwa hospitalini Mtwara, na vidonda vya miguu vilikataa kukauka.

Nilirudi kazini baada ya wiki tatu, korosho zilikuwa zimejaa hadi nje ya ghala. "Karani, jiwe kwanza!" wakaita kama kawaida. Nikaliweka, mzani ukasoma kumi. Kisha nikatoa kidude mfukoni, nikakifunga kwa kamba kwenye boriti, na chini yake, kwenye mshikio, nikaning'iniza lile lile jiwe. Kikasoma kumi na saba na nusu. Nikarudia. Kumi na nane. Nikarudia tena, kumi na saba.

Bibi mmoja mkulima akasogea. "Hicho kinapima nini, karani?"

"Nguvu za mkono."

"Na siku zote hizo ulikuwa hujakiwekea jiwe?"

Nilikaa juu ya magunia nikalia mbele ya wakulima wangu wote. Kumi na tano ya mama ilikuwa nane, au labda haikufika. Kama ni springi iliyolegea au ni ubovu wa kiwandani, sijui. Ninachojua ni kwamba mkono ulikuwa karibu pale pale dada alipouacha, na mimi ndiye niliyekatisha mazoezi, ukazidi kulegea.

Jioni ile nikaenda hospitali. Walikuwa wameshaanza kuzungumzia kukata mguu mmoja. Nikamwambia, "Mama, nisamehe. Kidude kilikuwa kinadanganya."

"Lete kidole," akasema.

Nikakiweka kwenye kiganja chake cha kulia. Tangu augue sikuwahi kufanya hivyo, hata siku moja. Akafumba macho, mishipa ya shingo ikamsimama, jasho likamtoka juu ya mdomo.

"Nabana, mwanangu. Unasikia?"

Nilitaka kusema ndiyo. "Sisikii kitu, mama."

"Ndicho nilichokuwa nakwambia."

Akaachia. Nilijua ameachia pale tu nilipouona mkono umelala juu ya shuka.