Cheche Apiga Hodi

Kwa miaka arobaini watu walimwita Cheche, na jina hilo alilichuma kwa mkono wake mwenyewe. Gari likiletwa limezimika, mafundi wengine walikuna vichwa. Yeye aliwasha chaja yake, dubwana la chuma lililonguruma kama mgonjwa wa kifua, akabana waya mwekundu kwenye betri, kisha ule mweusi akaugusisha tu na kuuondoa. Tach. Cheche ikiruka nyeupe na kali, alisema betri ina roho. Ikitoka nyekundu na kivivu, alisema mzikeni. Nyusi yake ya kushoto haikuota tena tangu siku gesi ya betri ilipolipuka usoni mwake, naye aliihesabu kuwa ada ya shule, kwa kuwa shule nyingine hakupata.

Hayo yalikuwa magari ya kueleweka. Gari la zamani lilikuwa kama punda: likigoma, unajua linataka nini. La siku hizi halifi, linasusa, na halikwambii ni nani aliyelikosea.

Mwaka juzi mwalimu mkuu wa shule ya jirani alimletea gari jipya lenye betri iliyolala. Cheche aliwasha dubwana lake, akabana mwekundu, akagusisha mweusi. Tach. Taa zote za dashibodi ziliwaka kwa mpigo, zikazima, na hazikuwaka tena. Kompyuta ya gari ilikuwa imeungua. Mwalimu mkuu hakutukana. Alisema tu, "Asante, mzee," na hiyo asante ndiyo iliyofunga karakana. Tangu hapo, chini ya kibanda cha mabati ubavuni mwa nyumba, Cheche alitengeneza pasi na redio za wajane.

Sasa Jumanne moja, saa mbili asubuhi, gari lililosusa lilikuwa uani kwake mwenyewe. Lilikuwa la binti yake mkubwa, mkunga wa hospitali, aliyekuja siku tatu kumuuguza mama yake aliyepasuliwa jicho.

"Limekufa," binti alisema, akibonyeza kitufe mara ya tatu.

Mama alikuwa kizingitini, bandeji jichoni. "Buti nililifunga mimi juzi, nilipotoa mablanketi."

"Ulilifunga, mama, au uliliegemeza?"

"Nina jicho moja, mwanangu. Kwa jicho hilo lilikuwa limefungwa."

Taa ya buti ilikuwa imewaka siku mbili mfululizo, ikamaliza betri. Cheche alishasimama, akifuta mikono isiyokuwa na uchafu.

"Fungua boneti."

"Usisumbuke, baba. Nimeshampigia fundi wa wakala wa magari haya, anakuja."

"Lini?"

"Amesema leo."

"Leo ina urefu wake. Wewe unaingia zamu saa nane."

"Baba." Aliitamka kwa sauti ile anayowaambia nayo wazazi wa leba wasisukume kwanza. "Sikuogopi wewe. Naogopea gari."

Alikusudia neno hilo liwe dawa, likawa pilipili. Cheche aliketi tena kwenye kigoda chake. Angeweza kukubali kunyimwa gari la mtu yeyote, lakini la mwanawe aliyemfundisha kuendesha akiwa amempakata, hapana. Likiondoka hapo kwa mkono wa mtu mwingine, basi kibanda kile kingebomolewa tu, mabati yauzwe.

"Basi nipe kitabu chake," alisema.

"Kitabu gani?"

"Kila gari huja na kitabu. Siku hizi mnakiacha humo humo na nailoni yake, mnauliza simu."

Alimpa. Kiliandikwa kwa lugha ya kigeni, lugha ambayo Cheche alijifundisha akiwa kijana, kwa magazeti ya kufungia vipuri na kamusi iliyopoteza kurasa zote za herufi A. Maneno ya A alikuwa akiyakisia maisha yake yote. Alivaa miwani, akalowesha kidole, akasoma nusu saa, midomo ikicheza. Kisha akainuka, akafungua boneti, akachungulia bila kugusa kitu, mikono nyuma kama mgeni msibani.

"Njoo uone," alimwita binti. "Unakiona hiki kidude cheusi, kama kiberiti, kwenye nguzo ya hasi? Huyu ni karani wa mlangoni. Umeme wote unaoingia na kutoka kwenye betri yeye anauandika. Ukibana waya mweusi hapa kwenye nguzo, umemruka karani, umeingilia dirishani. Betri inajaa lakini gari halina habari, linaendelea kulia njaa."

"Sasa unabana wapi?"

"Kwenye bodi. Wameweka bolti yake, ile pale yenye alama. Umeme unapita kwa karani, anauandika, ndipo unaingia." Alicheka kidogo, kicheko kikavu. "Unapiga hodi. Binadamu wameacha hodi. Mtu anakuingilia sebuleni simu sikioni, hata salamu hana. Chuma ndicho kilichobaki na adabu."

Binti alimtazama kwa upande. "Na lile dubwana lako?"

Cheche aligeuza ukurasa, akaurudisha. Lile dubwana alilirithi kwa fundi aliyemfundisha kazi, aliyemwambia siku ya mwisho wodini, usiliache lilowe.

"Kitabu kimelikataa," alisema. "Kinataka chaja inayojua kujizuia. Hili halijui. Linamimina tu."

"Ile niliyokuletea iko wapi?"

Alionyesha kwa kidevu. Juu ya kabati, nyuma ya makopo ya misumari, lilikuwepo boksi dogo lililokaa miaka mitatu. Binti alilishusha, akapuliza vumbi.

"Hata nailoni yake hukuitoa, baba."

"Sikuwa na haja ya kuoga." Alikuwa akikiita kipande cha sabuni, kwa udogo wake. Mama alicheka kule kizingitini. Binti hakucheka, na Cheche akaona amevuka mpaka. "Nilidhani ulininunulia ili nilitupe la marehemu," alisema kwa sauti ya chini.

"Nilikununulia ili nyusi ya pili ibaki."

Jogoo wa jirani alipita katikati yao. Hatimaye binti alichana nailoni kwa jino, akamkabidhi.

"Haya. Lakini kila kitu unakisema kabla hujakifanya. Nikisema simama, unasimama."

"Kama mzazi?"

"Kama mzazi."

Basi akaanza, moja moja, kama anayesoma risala. Gari lizimwe kila kitu, redio na taa. Ufunguo wake, ambao ukikaa karibu huliamsha gari bila hata kuguswa, upelekwe ndani. Mama akautia kwenye kopo la sukari jikoni. Betri ikijazwa hupumua gesi, kwa hiyo boneti ibaki wazi, hewa ipite, na jirani mshonaji aliyekuja kuchungulia na sigara arudi kwake na sigara yake. Akasoma herufi tatu za aina ya betri kwenye lebo, akazitafuta kwenye kitufe cha chaja. "Plagi bado," alisema. "Ukutani haijaingia. Zamani ningekuwa nimeshawasha." Akabana kibanio chekundu kwenye chanya, akakitikisa kuona kimeshika.

"Sasa mweusi, kwenye bodi," alisema.

Lakini mkono una kichwa chake. Mdomo ulisema bodi, mkono wa miaka arobaini ukaenda moja kwa moja kwenye nguzo ya hasi, kibanio kimeachama, kifundo cha mkono kimelegea tayari kwa kugusisha na kuondoa.

"Baba. Usisukume."

Ulisimama upana wa kidole kutoka kwenye nguzo. Cheche aliutazama kama mkono wa mtu mwingine. Kisha akausogeza polepole mpaka kwenye bolti, akabana. Hakukuwa na tach. Alingoja kidogo, kama anayeisikilizia. Ndipo akaenda ukutani akachomeka plagi, na kwenye kile kipande cha sabuni kikawaka kitaa kidogo cha manjano. Basi.

"Inafanya kazi?" mama aliuliza.

"Sijui. Haisemi. Lile la marehemu ungelisikia mpaka barabarani."

Cheche hakuondoka hapo. Binti alimbadilishia mama bandeji, akafua, akapiga pasi sare yake kwa pasi aliyoitengeneza baba. Saa tano simu yake iliita. Alikuwa fundi wa wakala: yuko karibu, aje?

Cheche alisikia kila neno. Aliinama akachunguza viatu vyake. Kitaa kilikuwa manjano bado. Hakuna aliyejua gari lingeamka au la, yeye mwenyewe hakujua.

"Usije," binti alisema kwenye simu. "Gari lina fundi."

Cheche aliingia kibandani kutafuta kitu ambacho hakukihitaji.

Saa saba na robo kitaa kiligeuka kijani. Alichomoa plagi ukutani kwanza, kisha kibanio cheusi, mwisho chekundu, kinyume cha alivyoanza, akisema kila hatua ingawa hakuulizwa. Ufunguo ukatolewa kwenye sukari. Binti akaketi, akabonyeza. Gari likaamka kimya, bila hata kukohoa. Cheche alizunguka nyuma, akalisukuma buti kwa viganja viwili mpaka likalia.

"Nimelifunga," alisema dirishani. "Sikuliegemeza."

"Nimeona." Binti alimshika mkono, ule ule, akauachia. "Ijumaa nitakuja na daktari wa wodini. Lake nalo linasusa."

"Mwambie aje na kitabu."

Gari lilipopotea kwenye kona, alilifuta vumbi lile dubwana, akalifunika kwa gunia ili lisilowe. Mama alikuwa bado kizingitini.

"Kwa hiyo sasa tukuiteje?" aliuliza. "Maana cheche hakuna tena."

Cheche alikuwa akizungusha waya wa kile kipande cha sabuni, duara juu ya duara.

"Niiteni hivyo hivyo," alisema. "Cheche imeshakufa, na jina la marehemu halibadilishwi."