Mchoro Kwenye Unga

Wiki iliyopita nilikuwa kwenye foleni ya mashini ya kusaga, huku Kenya, mtaa wetu, si ile nchi. Mbele yangu, kocha wa basiketi na msaidizi wake, kila mmoja na ndoo ya mahindi aliyotumwa na mkewe. Fainali yao ilibaki mechi moja, timu zote zimeshinda mara moja, na wapinzani wana jitu linalosimama chini ya kikapu.

Kocha akachora duara kwa kidole katika unga uliomwagika mezani. "Ule murefu tumuwekee bantu babili ba kumukaba. Hata batatu!"

"Na akitupa mpira kwa benzake inje?" msaidizi akauliza.



Mama mmoja nyuma yangu akanyoosha mkono, akafuta duara, akavuta mstari mrefu. "Mumukimbize tu, baba. Ule hapendi kukimbia. Nyumbani hata maji ya kunywa banamuletea."

"Unamujua?" kocha akauliza.

"Niko mama yake."

"Sasa mama, juu ya nini unatuambia siri ya mutoto wako?"

"Nimechoka kumubembeleza. Mumufundishe ninyi."

Walimshukuru mpaka wakambebea ndoo.

Jumapili walimkimbiza kweli yule mrefu, wakingoja achoke. Hakuchoka. Alikimbia kwenda na kurudi, akafunga, na kombe likaenda kwa timu yake.

Nilimkuta mama jukwaani, anacheka. "Jioni ile nilimuambia: batakukimbiza. Wiki muzima akitaka maji, anachota mwenyewe, mbio."

Makocha walipanga watu watatu wa kumkaba mtoto. Mama hawakumwekea hata mmoja.